Deiwaka wa koti jeupe

Ujumbe huo huingia kwenye simu yangu mara mbili au tatu kwa mwezi, na kila mara ni kama umeandikwa na mtu yuleyule: "Habari dada, nafungua famasi mwezi ujao, naomba unitafutie cheti." Haombi mfamasia. Anaomba cheti. Zamani nilikuwa nawajibu kwa ukali. Siku hizi nawarudishia swali: "Na huyo mwenye cheti, aingie zamu ipi?" Wengi hunyamazia hapo. Mmoja wao, mzee wa heshima mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Mbagala, alinipigia kabisa, akacheka. "Mwanangu," akasema, "mimi ningetaka mtu, ningekwambia mtu."

Naendesha ofisi ndogo ya kuyatafutia maduka ya dawa watu wa kazi. Ni chumba kimoja juu ya saluni, Tabata, chenye meza mbili, kompyuta moja ya zamani na kabati la maboksi matupu ya dawa ninayoyatumia kwenye usaili. Mwenye famasi anatwambia anachotaka: mfamasia wa kudumu, fundi dawa sanifu wa zamu ya usiku, au mtu wa kushika nafasi ya binti aliyekwenda kujifungua. Tunatafuta, tunahoji, tunapeleka. Kwa mtu wa kudumu nalipwa mara moja tu, nusu ya mshahara wake wa mwezi wa kwanza, na anayelipa ni mwenye duka. Mtafuta kazi simtozi hata nauli. Kwa wa muda mfupi nachukua kidogo kwa kila siku anayofanya.

Hao wa muda mfupi tunawaita deiwaka. Abiria wa daladala za Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana yake. Dereva mwenye gari amekwenda msibani, au mgongo umemkamata, basi anamwachia mwenzake wa kijiweni tripu mbili tatu apate hela ya kula. Kijana mmoja niliyempeleka Sinza alilichukia jina hilo. "Dada, nimekaa chuo miaka minne, nikafanya mwaka mzima wa mafunzo hospitalini, leo naitwa deiwaka?" Nilimwelewa, lakini jina limeshika, na sidhani kama ni la aibu. Tofauti iko kwingine. Deiwaka wa daladala akikosea gia, gari linaguna, abiria wanamzomea, safari inaendelea. Deiwaka wangu akikosea hakuna kinachoguna. Vidonge vinaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia mfukoni, mgonjwa anakwenda zake.

Nilijifunza hilo kwa mzee mmoja wa Buguruni aliyekuwa akichukua dawa za presha kila mwezi. Deiwaka wangu alivuta boksi la jirani yake rafuni, akampa vidonge vya kushusha sukari mtu asiye na kisukari. Mke wa yule mzee ndiye aliyeokoa mambo. Alivitazama akasema mbona vya mwezi jana vilikuwa na umbo jingine, akamrudisha dukani kabla hajameza hata kimoja. Mwenye duka alinipigia akitaka nimfukuze yule kijana. Sikumfukuza, kwa sababu mwenye kosa la kwanza nilikuwa mimi. Nilijua ametoka zamu ya usiku mahali pengine. Nilikuwa na pengo asubuhi ile, naye alikuwa na shida ya kodi ya nyumba, nikampeleka. Tangu hapo nina daftari la saa: aliyetoka usiku simpangii asubuhi, hata mwenye duka akinililia.

Sheria inanizuia nisiwe mwajiri wao. Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni zilizowakataza mawakala binafsi wa ajira kuajiri watu kisha kuwakodisha kwa kampuni nyingine kama viti vya harusi. Wenzangu wengi katika shughuli hii huzilalamikia kanuni hizo. Mimi nazipenda. Mkataba unaandikwa kati ya mwenye famasi na mtu wake, na michango ya NSSF, asilimia 10 ya mwajiri na 10 ya mfanyakazi, haipitii mikononi mwangu ikapotelea njiani. Mimi ni mshenga. Ndoa ni yao, ingawa kama ilivyo kwa washenga wote, ikivunjika mimi ndiye wa kwanza kutajwa.

Usaili wangu hufanyika hapo kwenye meza ya pili. Mtafuta kazi anakaa upande wa kabati, mimi nageuka mteja. "Dokta, nipe rangi mbili za buku." Msomaji wa mji huu amewahi kulisema hilo au amewahi kulisikia limesemwa. Rangi mbili ni kapsuli za antibayotiki, buku ni shilingi 1,000. Mgonjwa hajatajwa wala anachoumwa. Ninachosikiliza hapo si elimu. Karibu wote wanajua kwamba antibayotiki ya nusu dozi inawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Nasikiliza mtu anakataa vipi. Yupo anayenihutubia kana kwamba nimeiba. Huyo mteja wake atakuwa ameshavuka barabara kabla hotuba haijafika katikati. Yupo anayetoa bila kuuliza, maana alikotoka bosi alimwambia hela haikataliwi. Ninayemtaka ni yule anayeinama kidogo na kuuliza, "Ni za nani, mama? Anasumbuliwa na nini?", na unasikia kwenye sauti kwamba anataka jibu.

Swali la pili lina kilo ndani yake. Mtoto ana kilo 16, amepimwa, ana malaria isiyo kali, mpe mseto. Ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu, jumla 12. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ile ya kwanza, na inafaa ameze akiwa amekula kitu chenye mafuta kidogo, hata maziwa. Hilo wengi wanalipata. La tatu ndilo linalowaangusha wenye alama nzuri. Nanyanyua chupa ya amoksilini ya watoto, ile ya unga, nasema: "Haya nimelipa, nimefika nyumbani, nifanyeje?" Nataka kusikia habari ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kujaza mpaka kwenye alama, kutikisa kabla ya kila dozi, na siku ya kuimwaga iliyobaki. Mhitimu mmoja alinijibu kwa kujiamini kwamba maelekezo yapo kwenye chupa. Yapo kweli. Yapo kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Umuhimu wa anayesimama nyuma ya kaunta, nchi hii ilishaukubali na kuugharamia. Wenye umri wangu wanayakumbuka maduka ya dawa baridi. Kisheria yalitakiwa kuuza panadol na wenzake wasiohitaji cheti cha daktari, lakini chini ya kaunta antibayotiki zilikuwepo. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma yakaanza majaribio ya kuyageuza kuwa Maduka ya Dawa Muhimu, na baadaye mpango ukasambaa nchi nzima. Duka liliruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki kadhaa, kwa masharti, na sharti kubwa lilimhusu muuzaji mwenyewe: akae darasani wiki kadhaa, afundishwe, ajulikane. Hakuhitaji shahada. Alihitaji kuwepo. Nimekutana na watoa dawa wa maduka hayo, wanawake wa vijijini, ambao kwenye usaili wangu huwapita wahitimu wa mjini kwa mbali, hasa kwenye ile chupa ya unga.

Mjini kwenyewe, famasi kamili inatakiwa kuwa chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Ndiyo maana cheti chake hutundikwa ukutani kwenye fremu. Na ndiyo maana kuna watu wanaotaka fremu peke yake. Mwenye cheti analipwa kila mwezi kukaa mbali. Yuko wizarani, yuko kwenye kampuni ya uagizaji, yuko mkoa mwingine, wengine wako nje ya nchi kabisa. Dukani anabaki binti wa kidato cha nne, mpwa wa mwenye duka, ambaye wateja wanamwita dokta na yeye ameshazoea kuitika. Ukaguzi ukija, mwenye cheti anapigiwa simu, anafika na bodaboda, amevaa koti lenye mikunjo ya kabatini. Baraza la Famasi limekemea mtindo huu mara nyingi. Wanaokemewa huitikia kwa vichwa na kuendelea.

Ningependa kusema wenye maduka ni watu wabaya, ingeniokolea nafasi gazetini. Lakini nimekaa nao sana. Wamelipa pango la mwaka mzima kabla hawajauza kidonge. Wana jokofu ambalo haliruhusiwi kutoka nje ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme wanaujua wenyewe. Wanaopokea bima wanasubiri malipo miezi, huku muuzaji wa jumla wa Kariakoo hasubiri hata wiki. Na ng'ambo ya barabara yuko jirani anayeuza nusu dozi mpaka saa sita usiku. Katika hesabu hiyo, mfamasia anayekaa kazini anamgharimu mwenye duka mara mbili: kuna mshahara wake, halafu kuna mauzo anayoyakataa. Hilo la pili haliandikwi popote, lakini kila mwenye duka analihesabu moyoni jioni anapofunga hesabu. Cheti hakimkatalii mteja. Hakiulizi mtoto ana kilo ngapi. Hakiendi likizo ya uzazi. Ukiitazama biashara kwa jicho la mauzo ya leo, cheti ndiye mfanyakazi bora kuliko wote.

Kwa hiyo ninachouza, nikisema bila kupamba, ni mtu anayeweza kumwambia mteja wako hapana, na namwuza kwako wewe unayemtegemea mteja huyo. Mume wangu, ambaye anauza matairi, husema ni biashara ya ajabu kuliko zote alizowahi kuziona. Kuna miezi ninakubaliana naye.

Saa za kazi nazo zina hesabu yake. Famasi nyingi za mitaani hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, siku saba. Hizo ni saa 15 kwa siku, 105 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki, na usiku, kuanzia saa mbili, una nyongeza yake ya asilimia 5. Ukigawanya, kaunta moja inataka watu wawili na theluthi, bila kuhesabu anayeumwa. Mwenye duka anaajiri mmoja na mpwa. Huyo mmoja anashinda na kukesha, na mwisho wa mwezi anakatwa shoti, yaani upungufu wa hela au mzigo ambao hakuumeza yeye. Akiacha kazi, napigiwa simu: "Dada, vijana wa siku hizi hawana uvumilivu." Nimeanza kuwaandikia wenye maduka hesabu hii ya 105 kwa peni nyekundu kwenye karatasi na kuwaachia mezani. Wawili wameongeza mtu. Mmoja alinirudishia karatasi akiwa ameandika nyuma yake bei ya mafuta ya jenereta.

Vijana nao wanakubali kwa sababu wako wengi. Vyuo vya kati vimeota kila kona, diploma ya miaka mitatu inatoa mafundi dawa kila mwaka, ajira za serikali zinatoka kwa vipindi. Mtu anayesubiri nafasi kwa mwaka wa tatu hawezi kubishana kuhusu zamu. Ana uwezo wa kukataa ninaoutafuta kwenye usaili wangu, ila ukifika mbele ya bosi unaisha.

Sasa niseme la kwangu, maana nimeanza kusikika kama ninayehubiri.

Nilimaliza chuo mwaka 2009. Baada ya mwaka wa mafunzo na kusajiliwa nikapata kazi kwa muuzaji wa dawa wa jumla, laki mbili na nusu kwa mwezi, na nyumbani nikiwa na wadogo wawili wanaosoma. Mwaka 2011, mwaka uleule Bunge lilipopitisha Sheria ya Famasi inayolipa Baraza meno yake, mtu mmoja alikuja na bahasha. Famasi yake ilikuwa mbali na kazini kwangu, barabara mbovu, akaniambia sina haja hata ya kuja. Nilikuja mara nne katika miaka mitatu. Mara ya kwanza kuleta cheti, mara mbili kwa sababu ya wakaguzi, mara ya mwisho kukichukua. Sijui binti aliyekuwa akiuza pale alitoa nini, kwa nani, kwa kipimo gani. Jina langu lilikuwa juu ya kichwa chake muda wote huo. Nilijiambia kwamba kila mtu anafanya, na ilikuwa karibu kweli. Zile hela sikuzila. Niliziweka, na nilipoanzisha ofisi hii mwaka 2017 ndizo zilizolipa pango la miezi sita ya kwanza na kununua ile kompyuta.

Siyaelezi haya ili nisamehewe. Sina hakika ni nani mwenye mamlaka ya kunisamehe, labda wateja wa barabara ile, nao siwajui. Nayaeleza kwa sababu yananisaidia kujua mahali pa kubana. Vitisho havikunigusa wakati ule. Kilichokuwa kinanilinda ni kwamba malipo yale hayakuwa na kivuli: bahasha, hakuna mkataba, hakuna hati ya mshahara, hakuna mchango. Mfamasia aliyeajiriwa kweli ana michango ya NSSF kutoka kwenye duka hilo, mwezi kwa mwezi. Wa bahasha hana. Leseni ya duka inapohuishwa, pamoja na picha ya cheti na iombwe taarifa ya michango ya miezi 12 ya mwenye cheti. Ni karatasi moja. Mwenye duka mkweli anaipata kwa mchana mmoja, na asiye mkweli itabidi aanze kumlipia mtu ambaye hayupo, jambo ambalo wafanyabiashara ninaowafahamu hawatalivumilia zaidi ya robo mwaka. Na pale ukutani, chini ya fremu, ziandikwe saa za mfamasia kuwepo, kwa herufi ambazo mama wa makamo anaweza kuzisoma bila miwani, ili naye apate la kuuliza.

Najua litakalojibiwa: wafamasia hawatoshi kwa maduka yote. Inawezekana. Basi baadhi ya famasi zetu zikiri kuwa ni maduka ya dawa muhimu, zishushe hadhi, ziuze zinachoruhusiwa, zimsomeshe yule mpwa. Kuna heshima katika duka dogo linalosema ukweli. Lakini kibao cha famasi kinavuta bima na kinavuta wateja wa magari, hakuna anayetaka kukishusha.

Idd el-Fitr iliyopita nilikosa deiwaka. Waislamu walikuwa kwao, Wakristo nilikuwa nimeshawapanga wote, na mama mmoja mwenye famasi Kimara alikuwa ananipigia kila nusu saa. Nikatoa koti langu kabatini, nikapanda mwendokasi. Alinipokea vizuri, akaniachia hotipoti la pilau na kachumbari, akaenda kwa wakwe. Nilipogeuka kuutazama ukuta, nikaona fremu, na ndani yake jina la mwenzangu wa chuo. Tulilala bweni moja. Picha yake ya paspoti ilikuwa ile ya nywele za rasta alizosuka mwaka wa mwisho. Kwa ninavyojua, ana mwaka wa tatu sasa anafanya kazi Mwanza.

Siku ilikwenda kama siku za sikukuu zinavyokwenda. Dawa za tumbo kwa waliozidisha, P2 ya kuzuia mimba kwa kijana aliyenunua bila kunitazama usoni, nami nikamweleza palepale namna ya kutumia huku nikipanga maboksi ili asione aibu. Saa tisa alikuja mama na mtoto mgongoni mwenye homa, akataka mseto. Nikamwomba ampime kwanza, akaguna, nikamwelekeza kituo cha afya cha jirani. Alirudi baada ya saa nzima na karatasi: hana malaria. Nikampa parasetamoli ya maji kwa uzito wake, nikamwambia homa ikifika siku ya pili, au mtoto akikataa kunyonya, asirudi kwangu, aende hospitali. Mauzo yangu kwake yalikuwa chini kuliko kama angeuziwa alichokuja kukitaka.

Saa nne usiku nilifunga hesabu. Hakukuwa na shoti. Nikaupiga picha ule ukuta, fremu na koti langu likiwa limetundikwa pembeni yake, nikamtumia mwenzangu wa Mwanza bila maneno. Nilikuwa tayari kituoni nasubiri basi alipojibu. Aliniandikia kwamba wanampa laki nne kwa mwezi, kwamba ana mtoto anaingia sekondari, na kwamba Idd njema. Halafu ukaja ujumbe wa pili, mfupi.

"Na ile kompyuta ya ofisini kwako, shoga, bado inafanya kazi?"